Langi Mbiri za Kijani

Jumatatu, 24 Septemba 1973

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, bila kikao, bila bendi na bila bunduki kupigwa hewani, natangaza kwamba mlango wa mbele wa nyumba hii ya Ntinda utapakwa rangi ya kijani kabla ya Idi. (Idi ya kufungua mfungo. Siku hizi lazima mtu afafanue.) Amri hii inaanza kutumika mara moja. Mwenye pingamizi ajitokeze.

Hakujitokeza mtu. Ndani nipo peke yangu, na paka hana msimamo.

Jumanne, 25 Septemba

Mvua.

Alhamisi, 27 Septemba

Wengine wamefunga leo, wengine wanangoja kesho. Mwezi mmoja, mabishano mia. Nimefunga leo ili nimalize mapema.

Magharibi Acen alinigongea na bakuli. Acen ni mpangaji wangu wa chumba cha uani, mtu wa Lira, Mkristo wa kujipiga ishara ya msalaba hata akimwona mjusi. Mumewe, Ongom, alikuwa konstebo. Mwaka wa sabini na moja aliitwa kazini siku yake ya mapumziko. Akaenda, na mpaka leo yuko kazini.

“Mama Naila, uji iko.”

“Uji upo,” nikamsahihisha.

“Iko moto,” akasema, akaniwekea mkononi.

Kiswahili chake amekiokota katika nyumba za polisi, na huko ngeli zote zimefungwa seli moja. Namsahihisha kwa sababu mtu asiyesahihishwa huharibika. Marehemu baba alikuwa akisema hivyo kunihusu mimi.

Jumapili, 30 Septemba

Mvua. Nimeshona kofia nusu.

Jumatano, 3 Oktoba

Nimekwenda sokoni. Nilimwambia muuza nyanya, “Habari za asubuhi,” na watu watatu wakaanza kutafuta vitambulisho vyao mifukoni.

Sisi tulikuja mji huu na Kiswahili chetu kabla reli haijafika. Babu wa babu yangu alikuja na shehena ya nguo, akaoa, akasahau kurudi pwani. Lakini hapa Kiswahili ni lugha ya anayekuuliza unatoka wapi. Nikifungua mdomo, soko linanyamaza. Nimezaliwa Kibuli, nina miaka hamsini na tatu, na nimenunua nyanya kimyakimya karibu maisha yangu yote.

Tangu redio itangaze mwezi wa nane kwamba Kiswahili sasa ni lugha ya taifa, makarani wawili wa wizara huja kwangu jioni kujifunza. Wanajifunza kama watu wanaokunywa kwinini. Wa kwanza aliniuliza, “Mwalimu, ‘usinipige’ inaandikwa neno moja au mawili?” Nikamwambia moja, maana huenda asipate muda wa kusema mawili.

Ijumaa, 5 Oktoba

Fundi rangi ni Erinayo, anakaa bondeni na mkewe Rosebella. Amekuja kuutazama mlango kama daktari anavyotazama mgonjwa asiye na pesa. Huniita nyabo, ‘bibi’ kwa Kiganda.

“Nyabo, langi ya kijani imepotea Kampala nzima. Iko nyeusi tu.”

“Sitaki mlango wa msiba. Na si langi. Ni rangi.”

“Langi.”

“Rrrangi. Ulimi utetemeke.”

“Nyabo, unataka mulango ama unataka shule?”

Acen alikuwa anaanua nguo. Akacheka mpaka akaketi juu ya beseni. Ni Mganda huyu, ulimi wake umekulia Kiganda, na Kiganda hakina shida na herufi hizo: zinakaa nyumba moja na zinapokezana kitanda. Bado lilinikera. Nilimwona mtu wa ovyo, anayeongea sana na kupaka kidogo.

Jumatatu, 8 Oktoba

Redio inasema habari za vita vya Waarabu na Mayahudi. Acen ameuliza kama ni mbali. Nikasema mbali sana. Akasema, “Basi iko nzuri.”

Alhamisi, 11 Oktoba

Mvua ya mawe. Acen ameanza kufuturu nami ingawa hajafunga. Anasema kula peke yake kunamfanya atafune haraka. Mimi nimetafuna haraka tangu binti yangu Naila aolewe Mombasa na baba yake kufariki, na sikujua kama ugonjwa huo una jina.

Jumanne, 16 Oktoba

Kofia mbili.

Ijumaa, 19 Oktoba

Ushindi. Erinayo amefika saa kumi, ameloa, na madebe mawili ya kijani ndani ya gunia. Sikuuliza yalikotoka. Tukayasukuma chini ya kitanda changu kwa sababu siku hizi hata brashi iliyokauka inaibwa. Ataanza kesho mvua ikimruhusu. Akaondoka na mfuko wake, akipiga mluzi, akimwambia Acen, “Mama, kesho utaona mulango mpaka upotee njia.”

Jumamosi, 20 Oktoba

Hakuja. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumkaripia. Aliyekuja ni Rosebella, bila viatu, na nyuma yake mwanamke anayeuza mananasi karibu na kizuizi cha askari, njia ya kuteremka. Huyo ndiye aliyeona. Naandika alivyosema, kwa sababu nimejaribu kulala nikashindwa.

Jana, alipotoka kwangu, Erinayo alisimamishwa.

“Unatoka wapi?”

“Kupereka langi, afande.”

“Langi?” Askari wakasogea. “Langi wangapi?”

“Mbiri.”

“Umewapeleka wapi?”

“Nimeficha chini ya kitanda, afande. Watu wabaya. Wakiona watachukua.”

Muuza mananasi alisema askari mmoja hata alicheka, kwa jinsi kazi ilivyokuwa rahisi. Maana Langi ni watu wa kwao Acen, kabila la rais aliyepinduliwa, na tangu sabini na moja hilo si jina la kuitikia njiani. Mtu anasema mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba amewaficha wawili.

Kofi la kwanza ndilo lililomfahamisha. Akafungua mdomo aeleze. Halafu wakamwuliza, “Nyumba gani?”

Akaufunga.

Wakauliza tena kwa kitako cha bunduki. Akaendelea kuufunga. Wakamtia garini na mfuko wake.

“Mimi sikuelewa,” alisema muuza mananasi. “Kama ni rangi tu, si angewapeleka wakaione?”

Rosebella na mimi tulikuwa tunatazama uani, Acen alikokuwa amechutama akiosha sufuria.

Mtu wa ovyo. Nimeandika hivyo tarehe tano, na sifuti.

Jumapili, 21 Oktoba

Mvua. Makarani hawakuja. Habari imewafikia.

Jumatatu, 22 Oktoba

Rosebella amekwenda kwenye lango la kambi walikompeleka mumewe. Kiswahili chake ni kilekile cha mumewe. Kila alipoeleza kwamba ni langi, langi tu, langi ya mulango, ndivyo alivyozidi kumtia hatiani. Walimfukuza kabla hajakamatwa yeye. Amerudi kwangu, ameketi sakafuni.

“Nyabo, wewe unayo hiyo herufi.”

“Nimefunga,” nikasema. Sijui hilo lilikuwa jibu la swali gani.

“Utasema neno moja tu. Watasikia.”

“Nikisema, watataka kuona rangi. Wakija kuona rangi, watamwona Acen.”

Alilia bila sauti. Hakusema, basi afe wangu abaki wako. Angelisema, ningemkasirikia, na ingekuwa rahisi kidogo.

Jumanne, 23 Oktoba

Sikumwambia Acen. Nilimsikiliza akifagia, nikafikiri: ataendelea kufagia hivi, nami nitaendelea kusikia, na bondeni mtu mmoja hatakuwapo, na maisha yatakwenda. Yanakwenda kwingi mjini humu kwa njia hiyo.

Adhuhuri aliingia bila kubisha. Amevaa gauni lake la kanisani, na ni Jumanne.

“Rosebella amesema mimi.”

“Rosebella hana haki ya—”

“Iko na haki. Ni bwana yake.” Akaketi kitandani, juu ya yale madebe. “Mama Naila, mimi najua kungoja kwa lango. Mimi nilingoja kwa lango wiki tatu. Askari anakula ndizi, mimi nangoja. Hakuna mtu alikuja kusema neno moja kwa Ongom. Neno moja tu. Pengine walikuwa nafunga.”

Kama ameninyoosha, amefanya kwa upole.

“Utakwenda wapi?”

“Busia kwa dada. Halafu ng’ambo, Kenya. Kule Kiswahili yangu iko sawa.”

“Haiko sawa hata kule,” nikasema.

“Basi watanisahihisha.”

Tulifunga vitu vyake katika shuka. Havikujaza shuka. Nikampa kofia tatu akauze, na tasbihi ya marehemu mume wangu avae shingoni kwenye vizuizi, na buibui. Nikamfundisha kusema “Asalaam aleikum” na jina la kujibia: Rukiah. Alisema salaam vizuri kuliko wengi wanaonizunguka msikitini. Mlangoni akageuka.

“Uji leo hakuna.”

“Haupo,” nikasema, maana ni kinywa changu, kimezoea.

“Hakuna,” akasema, akaenda kituo cha basi.

Nimefuturu kwa maji. Nimetafuna haraka, hata maji.

Jumatano, 24 Oktoba

Nimekwenda.

Nilivaa buibui langu jeusi la msibani, kwa kuwa ndilo lenye heshima, nikateremka bondeni, kisha nikapanda kilima cha kambi kwa miguu. Njia nzima nilikuwa nikisema rangi, rangi, rangi, kama mtoto aliyetumwa dukani. Mvua ilinikuta katikati, sikujikinga. Pale kwenye kizuizi muuza mananasi aliniona akageuza uso. Nilimshukuru kwa hilo.

Langoni alikuwapo sajini kijana, anatafuna karanga, na askari watatu chini ya bati. Nilimpa salaam. Akaitika vizuri, kumbe Mwislamu, na karanga zake mwezi wa Ramadhani. Akazitia mfukoni. Nadhani hapo ndipo nilipopata dakika zangu.

“Afande, mmemshika mtu anaitwa Erinayo. Ni fundi rangi. Amekosea herufi.”

“Amekosea nini?”

“Herufi, mwanangu. Kuna rangi, kwa ra, hii ya kupaka. Na kuna Langi, kwa la, hao ni watu. Yeye ni Mganda, ulimi wake hauna ra mwanzo wa neno. Alisema langi, alimaanisha rangi. Kwenye ra ulimi hutetemeka. Kwenye la ulimi hulala.”

Akasogea karibu.

“Sema tena.”

“Rangi. Langi.”

“We! Njoo nyinyi, sikia hii mama. Anasema kama redio!”

Wakaja wale watatu. Nikasema tena. Wakaniomba mengine, nikawapa: karamu na kalamu, kura na kula, mahari na mahali. Walicheka kama watoto wa chuoni. Mmoja akajaribu akashindwa, wenzake wakamzomea, “Wewe Mganda!” Nilisimama ndani ya mvua nikiwachezesha herufi, na nyuma ya ukuta ule sikujua Erinayo yuko mzima au nusu. Sijapata kuogopa hivyo, wala sijapata kusikilizwa hivyo. Nina aibu kuandika kwamba vyote viwili vilikuwa moyoni.

Kisha sajini akaacha kucheka, ghafla, kama anayefunga bomba.

“Hiyo rangi yenyewe iko?”

Maisha yangu yote, mtu akiniuliza hivyo, nimejibu “ipo”. Ulimi ulikuwa tayari. Nikamwona sajini anavyonitazama, nikaona kwamba amesahihishwa vya kutosha kwa siku moja.

“Iko, afande,” nikasema. “Iko chini ya kitanda.”

“Wapi?”

“Ntinda.”

Walinirudisha kwa gari lao, askari wawili. Majirani waliniona nashuka, na sasa wana hakika mimi ni mtu wa askari. Askari waliingia chumbani, wakainama, wakavuta madebe, mmoja akafungua kifuniko kwa kisu akatia kidole. Kijani. “Kweli,” akasema. Wakabeba madebe yote mawili wakaondoka. Hawakwenda uani. Hawakuuliza chumba cha nyuma ni cha nani. Mlango wake ulikuwa wazi, ndani kumefagiliwa, na wangeona hapana kitu, lakini hawakutazama.

Baada ya alasiri nilisikia vigelegele bondeni. Rosebella. Erinayo amerudi.

Sijalala, wala sitaki. Nataka kuliandika hili lingali moto.

Nilipokuwa na miaka minane, Kibuli, nilirudi kutoka kucheza na watoto wa jirani nikamwambia baba, “Nimeona ndege wa langi nyekundu.” Hakunipiga. Alinipa kokwa ya tende niiweke chini ya ulimi, akaniketisha barazani niseme rangi mpaka itoke sawa. Ilichukua alasiri nzima. Wenzangu walisimama njiani wakanitazama, wakaanza kuniiga, rrr, rrr, kama gari la mzungu lililokwama. Toka siku hiyo hawakunijia tena kucheza. Niliwakera, na wao wakanikera, na pale barazani ndipo nilipojifunza kuketi peke yangu na kuwatazama watu. Wote walionijua baadaye, hata mume wangu, walikutana na yule mtoto mwenye kokwa.

Nimeuchukia ule mchana miaka arobaini na mitano. Nikadhani siku iliyonijenga ni ya harusi, kisha nikadhani ni ya kufiwa, kwa sababu siku hizo watu huja na vyakula. Kumbe ilikuwa ile. Hapakuwa na chakula, ilikuwapo kokwa moja. Baba hakujua alikuwa ananitengenezea nini. Alikuwa ananitengenezea lango lile, na asubuhi hii, na pumzi ya Erinayo. Upweke wote ulikuwa nauli, nami leo nimefika.

Nimesoma nilivyoandika. Ni maneno makubwa. Nayaacha.

Jumamosi, 27 Oktoba. Idi

Mlango haujapakwa. Nilipika pilau ya watu wawili kwa kusahau. Paka amekula sehemu ya Acen bila kusema uji iko wala haupo.

Jumatano, 31 Oktoba

Mvua.

Jumapili, 4 Novemba

Msikitini wanawake wamenipisha nafasi kubwa. Walioniona nashuka garini wamewaambia wasioniona.

Makarani wamerudi. Wanasema nina watu jeshini. Wananilipa kwa heshima na wananisikiliza kwa hofu, na matamshi yao yamekuwa mazuri mno. Nilimsahihisha mmoja akatetemeka zaidi ya ra.

Alhamisi, 8 Novemba

Hapana habari kutoka Busia. Nimefagia chumba cha uani. Hakikuwa na vumbi.

Nilipita kwa Erinayo. Rosebella alinibusu mikono. Yeye amelala, mbavu bado zinamsumbua, hataki kuzungumza. Nilimwambia Rosebella asimwambie lolote kuhusu nilichofanya, apumzike kwanza. Nilisema hivyo nikijua atamwambia kabla sijafika barabarani.

Jumanne, 13 Novemba

Bado ninalifikiri lile lango. Nikishona, nalifikiri. Acen amekwenda, majirani wamekwenda kwa njia yao, lakini mtu yuko hai bondeni kwa ajili ya herufi moja, na herufi hiyo ni yangu. Kwa hesabu hiyo naweza kuishi hapa peke yangu.

Jumatano, 14 Novemba

Erinayo amekuja leo, kwa mkongojo. Hakutaka kiti, akaketi ngazini chini ya mlango. Alitazama uani mara moja.

“Mama Acen?”

“Amekwenda Busia. Kabla sijaenda kambini.”

Akauweka mkongojo magotini.

“Nyabo,” akasema, “Rosebella aliniambia vire urivyosema kwa lango. Nataka kukuambia kitu. Usikasirike.”

“Sema.”

“Siku ya pili walifungua mufuko wangu, wakaona brashi. Wakacheka. Wakasema, kumbe wewe fundi! Wakanipa ukuta wa kantini. Mubavu umevunjika, napaka. Wakasema, ukiisha, unaenda nyumbani.”

Nilikuwa na sindano mkononi. Niliichomeka katika kofia ili isipotee.

“Ukaisha lini?”

“Jumanne jioni. Sajini akasema, asubuhi uende.”

“Na Jumatano asubuhi, nilipokuwa pale langoni?”

Erinayo aliinamia mkongojo wake. Alikuwa anatafuta namna ya kunisaidia, naliona hilo, na hakuipata.

“Nilikuwa natafuta kiatu, nyabo. Cha kushoto.”